Lenzi ya Kichanjani na Ng'ombe wa Muheto

Mama mmoja wa Muheto, yule anayetuletea maziwa asubuhi, aliweka bidoni yake mlangoni kwetu akaniambia kwamba binti yake anaolewa. Ng'ombe wa mahari wataingia kwao Jumamosi jioni. Alitaka picha, lakini picha bila flashi.

— Papa, ile radi yenu sitaki kuiona mu lupango yangu, pale uani. Unakumbuka kule kwa jirani?

Nilikumbuka, kama kila mtu wa kwetu. Katika harusi moja ya pale jirani, mpiga picha (hakuwa mimi, lakini kwa haki niseme angeweza kuwa mimi) alimwashia ng'ombe flashi usoni wakati wa kumkabidhi. Ng'ombe akavunja uzio, akasimama katikati ya shamba la maharage la pasta wa kanisa. Tulicheka sana, ila wenye ng'ombe hawakucheka. Kwa wafugaji wa huku, ng'ombe akikimbia siku ya kutolewa, wazee wanasema ameikataa nyumba, na maneno yote ya mahari yanaanza upya.

— Miye walinitolea ng'ombe muzuri sana, mama akaendelea. Mweupe na madoa. Picha yake sina. Nikieleza, batoto banasema, mama, unaongeza chumvi. Kwa huyu binti sitaki kueleza, nataka kuonyesha. Ukiona hautaweza, useme mapema. Heri nikose picha kuliko ng'ombe akimbie.

Nikamjibu kwamba nitaweza. Nilisema haraka, ndiyo tabia yangu, halafu nikaanza kuogopa hata kabla hajapita kona ya njia.

Kilichonipa ujasiri kilikuwa lenzi moja tu. Ile iliyokuja na kamera yangu ni nzuri kwenye jua, lakini jioni, ukungu ukishuka juu ya vilima, haioni kitu bila flashi. Hii nyingine ina kioo kipana na tundu kubwa, inakunywa hata mwanga mdogo uliobaki chini ya miti. Niliinunua kwa mpiga picha mmoja wa Walikale aliyeachana na kamera akaingia katika biashara ya mawese. Nilikuwa nimeitumia mara chache, kisha mvua zilipoanza nikampa mama yangu aniwekee.

Siku ile ile nikamwomba mama, akanipa, nikaifunga kwenye kamera, nikamlenga mke wangu akitwanga sombe, majani ya muhogo. Lenzi ikaenda mbele, ikarudi nyuma, ikaenda tena, vzz, vzz, haikutulia. Mara ikasimama mahali pasipofaa, mke wangu akawa wingu lenye mchi. Mara kamera yenyewe ikakataa, ikaandika kwa Kifaransa kwamba mawasiliano kati yake na lenzi ni mabaya. Kifaransa changu ni cha benchi la nyuma, lakini hicho nilikielewa. Hata katika nyumba ya watu hutokea hivyo.

Nikampigia yule wa Walikale. Mtandao ulikuwa unakatika, tukawa tunapiga kelele.

— Kaka, objektif uliniuzia iko na ugonjwa!

— Ugonjwa gani? Ilitoka kwangu nzima. Umeilisha nini?

— Sijailisha kitu!

— Basi ina njaa, akasema, mtandao ukakatika.

Nilimkasirikia siku nzima. Naandika hili kwa sababu hakustahili, na yatakayofuata yataonyesha hivyo. Kuituma lenzi kwa fundi wa Goma hakukuwezekana: njia haikuwa ya kutegemea, na Jumamosi haikuwa mbali.

Siku ya soko nikashuka Bihambwe kumtafuta mwenzangu wa Rubaya. Huyu anawapiga picha wachimbaji wa migodini siku ya Mungu, yaani Jumapili, wakiisha kuoga na kuvaa koti. Sisi ni wapinzani wa kazi, na mdomo wake hauna breki, lakini ana kamera ya aina ile ile kama yangu. Nilitaka kujua mgonjwa ni nani, kamera au lenzi, na njia ninayoijua ni moja tu: kuwatenganisha na kumjaribu kila mmoja kwa mwingine.

Lenzi yake tukaifunga kwenye kamera yangu. Ikalenga mara moja, kimya. Ile yangu ya kawaida vilevile haikuwa na shida. Tukafunga lenzi ya Walikale kwenye kamera yake. Vzz, vzz, vzz.

— Mwangalie! akacheka. Inatafuta kama mulevi mwenye kupotelewa na mulango wake. Kaka, kamera yako nzima. Mugonjwa ni huyu.

Akaifungua, akaisogeza karibu na macho ili aangalie nyuma yake. Halafu akaileta puani. Akanusa tena.

— Kaka. Weye unapigaka picha ao unakaushaka samaki?

— Samaki gani?

— Inanuka moshi! Nusa mwenyewe!

Nikanusa. Ilikuwa harufu ya jikoni kwetu, bila shaka yoyote. Wauza vitunguu waliokuwa karibu wakataka nao kunusa, na sikuweza kuwakatalia. Mama mmoja akasema inanuka vizuri, inakosa pilipili tu.

Nyuma ya lenzi kuna vidoti vya dhahabu, vimejipanga mstari. Kwa vidoti hivyo lenzi na kamera huzungumza: moja inauliza, nyingine inajibu. Vidoti vyangu havikuwa tena vya dhahabu, vilikuwa vya rangi ya chai. Mwenzangu alinunua gomu ya kufutia, ile ya watoto wa shule, akasugua polepole huku ameinamisha lenzi ili vumbi lianguke chini lisiingie ndani. Kisha akapangusa kwa kitambaa kikavu. Vidoti vikang'aa. Tukafunga, tukalenga kuku. Vzz moja tu, kimya. Nilitaka kumkumbatia, lakini alikuwa bado anawaeleza watu namna ninavyopika lenzi.

Nyumbani nikamwendea mama yangu.

— Mama, ile objektif uliitoa wapi uliponipa?

— Pa kichanja, akasema bila wasiwasi. Juu ya moto, pamoja na mbegu.

Kwetu mbegu ya maharage haiwekwi kwingine. Inalala juu ya kichanja cha jikoni, moshi unaipita mchana kutwa, mdudu haigusi wala haiozi. Mimi nilikuwa nimemwambia mama, mvua zilipoanza, kwamba unyevu wa huku kwetu Masisi unaotesha kuvu ndani ya kioo na kukiharibu kabisa. Akasikia, akafikiri, akaiweka mahali anapoweka kitu asichotaka kioze.

— Mbegu iko pale miaka yote, akasema. Umeishaka kuisikia inalalamika?

Nikaigeuza lenzi, nikaangalia nyuma yake. Halafu nikakumbuka kwamba kifuniko cha nyuma cha lenzi kilikuwa mfukoni mwa koti langu tangu siku nilipompa. Mama aliipokea uchi. Basi kosa tuligawana, na nikipima vizuri naona fungu langu ni kubwa kuliko lake. Yule wa Walikale hana fungu lolote. Nilimpigia nikamwambia. Alicheka mpaka mtandao ukamhurumia ukakatika.

Nilifikiri yameisha. Kesho yake nikampiga mama picha mlangoni, tundu likiwa wazi kabisa, nikaikuza kwenye ekra, ile skrini ya nyuma ya kamera. Ncha ya pua ilikuwa safi sana. Macho yalikuwa na ukungu. Nikarudia, pua tena. Nikadhani mkono wangu umetikisika, maana huwa najishuku mimi kwanza, lakini hata kamera ilipokaa juu ya gunia ilifanya vile vile.

Nikaweka ubao mezani, nikapanga maharage mstari mmoja kutoka karibu kwenda mbali: ya njano mbele, moja jekundu katikati, meupe nyuma. Nikalenga lile jekundu, nikiangalia kwa tundu la jicho, kile kidirisha cha kuchungulia. Picha ikatoka na ya njano safi, jekundu lina ukungu. Nikalenga tena jekundu, safari hii kupitia ekra ya nyuma, ambapo kamera inaangalia picha yenyewe. Jekundu likatoka safi. Hapo nikaelewa, au tuseme nilihisi nimeelewa: kioo ni kizuri, kamera ni nzuri, lakini kwa tundu la jicho hawakubaliani umbali. Lenzi ya kawaida haikunionyesha hilo kwa kuwa yenyewe inasafisha mbele na nyuma kwa pamoja. Hii ya tundu kubwa inasafisha sehemu nyembamba kama jani, ukikosea kidogo umekosea kabisa.

— Ni kama mukwe mupya, mama akasema akiangalia maharage yake. Yeye muzima, nyumba nzima, hawajazoeana tu. Na hayo maharage utayarudisha.

Kamera yangu ina mahali pa kurekebisha jambo hilo, imefichwa ndani kabisa ya orodha ya Kifaransa. Kwanza nilisogeza upande wa kutoa, ikawa mbaya zaidi: hata ya njano yaliyo karibu yakaingia ukunguni. Nikasogeza upande wa kuongeza, kidogo, nikapiga, kidogo tena, nikapiga. Mwishoni jekundu likasimama safi peke yake, lenye mstari wake mweusi tumboni. Mama akalichukua, akalitupa katika chungu pamoja na mengine.

Jumamosi ukungu ulishuka kabla ya ng'ombe kufika. Mama wa Muheto alinitazama mara moja tu, akatazama mikono yangu kama imeshika flashi, akaridhika. Lupango ilijaa watu. Msemaji wa upande wa bwana-arusi akaanza kumsifu ng'ombe wa kwanza, wa rangi ya kahawia, pembe ndefu, na bwana-arusi mwenyewe ameshika kamba, amevaa suti ya kijivu. Niliweka alama ya katikati juu ya jicho la ng'ombe. Vzz, kimya. Ng'ombe akanitazama, anatafuna tu.

Nilipiga nyingi. Zingine zilikuwa mbaya, na hizo hazikuwa kosa la lenzi, ni haraka yangu mwenyewe. Nikawaonyesha wazazi wa binti nzuri ya kwanza. Jicho la ng'ombe lilikuwa wazi, kope moja moja, tone la ukungu juu ya nywele za paji.

— Njo yeye, ni yeye kabisa! baba wa binti akasema.

Bwana-arusi akaingiza kichwa chake kati yao.

— Papa, na miye niko wapi?

— Hapa, nyuma ya pembe.

— Huyu? Huyu iko kama bugali!

— Weye tutakuonaka kila siku, mama-mkwe wake akamwambia.

Watu wakacheka, lakini niliona haki iko upande wake pia. Nilimweleza kwamba lenzi hii inasafisha mstari mmoja, hivyo akitaka kuonekana, aweke shavu lake sawasawa na jicho la ng'ombe. Akasita, akapangusa uso, akasogea. Shavu kwa shavu. Ng'ombe akamlamba kola ya suti kwa ulimi mrefu, naye akafumba macho akacheka, na hapo nikabonyeza.

Wote wawili walitoka safi. Mama wa Muheto aliishika kamera kwa mikono miwili, akaita kwa sauti kubwa watu wa nyumbani kwake waje. Mkanda ulikuwa bado shingoni mwangu. Basi kamera ilikokwenda nami nilikwenda, nimeinama, kutoka kwake hadi kwa mumewe, hadi kwa bibi aliyeketi, hadi kwa wanawake wa jikoni wenye mikono ya unga, na hakuna aliyefikiri kunifungua.