Kizuizi cha Wachumba wa Kitabuni

Miaka ile ya ruksa ya biashara, wakati kila mtu Songea alikuwa anauza kitu, mimi nilikuwa nagawa vitabu bure na hakuna aliyevitaka. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Niliomba parokiani chumba kidogo nyuma ya ukumbi, nikaweka kabati moja la hadithi nilizokusanya kwa kuombaomba, na kila Jumamosi mchana nikakaa hapo na daftari la kuazimia. Daftari lilikuwa safi kabisa.

Nilikuwa na sheria mbili, na nilizitetea kwa ukali. Ya kwanza, hakuna kuandika ndani ya kitabu, hata nukta. Ya pili, nikimsifia mtu kitabu simwambii mwisho wake. Wenzangu shuleni walisema nina tabia ya kumpakulia mtu chakula halafu kumnyang'anya kijiko.

Kisha mfanyabiashara mmoja wa mitumba akakitaka kile chumba. Alikuwa mgeni wa mkoa mwingine, Mwislamu, mtu wa maneno mengi. Jumapili alitandaza nguo nje ya lango la kanisa letu, na katikati ya wiki alisafiri Tunduru kuwauzia wachimba vito. Alitafuta pa kuweka marobota yake. Paroko aliniita akanieleza kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi.

"Mwalimu, nguo watu wanazivaa. Vitabu vyako vinakula vumbi. Nakupa Jumapili tatu. Asipoazima hata mtu mmoja, kabati litoke."

Nilitoka nimevimba kwa hasira. Nikachana karatasi ya daftari nikaandika sifa za riwaya niliyoipenda kuliko zote: Kijana seremala na binti wa fundi cherehani wanapendana. Kijana anakwenda Tunduru kuchimba vito, anamwahidi mama yake kwamba atarudi kabla ya mvua, ndipo aoe. Je, atarudi? Anayetaka kujua aje nyuma ya ukumbi, Jumamosi mchana. Nikampa katekista asome na matangazo mengine mwisho wa misa.

Katekista wetu alikuwa mzee aliyesoma matangazo ya ndoa kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Alisimama, akavaa miwani, akakohoa.

"Tangazo la ndoa, mara ya kwanza," akaanza.

Akasoma karatasi yangu yote, bila kuruka neno, kwenye kipaza sauti, mpaka nje langoni wakasikia. Alipomaliza akaongeza kwa mazoea kwamba mwenye kujua kizuizi cha ndoa hii anawajibika kukieleza kwa paroko. Nilimfuata sakristia.

"Mzee wangu, umefanya nini?"

"Mwalimu, kuna kijana, kuna binti, wanapendana. Hiyo ni nini kama siyo ndoa?"

Jumatatu paroko alikuta watu wanne barazani kwake wakiwa na vizuizi. Mmoja alisema kijana na binti ni wa ukoo mmoja. Mwingine alidai binti ni mdogo, hajapata hata kipaimara. Wa tatu alikuja kusikiliza vizuizi vya wenzake. Wa nne, aliyefika kabla ya wote, alikuwa yule wa mitumba, ambaye hata si wa kanisa letu.

"Wallahi namjua," alisema. "Nimemwona Tunduru kwa macho yangu. Ana mke na watoto wawili, na suruali ya kodrai aliyovaa nimemuuzia mimi."

Jumamosi jioni paroko aliniita. Nikamwonyesha kitabu, nikagonga jalada kwa kidole. Akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akaniuliza kama kuna aliyeazima. Hakuna. Walikuwa tayari kuizuia ile ndoa, si kuisoma. Nilirudi nyumbani nikawafokea kuku.

Jumapili ya pili katekista alirekebisha makosa. "Tangazo la pili," alisema. "Mwalimu anatujulisha kwamba wachumba hawa hawapo." Kina mama wa kwaya wakaguna. Kabla sijafika getini nilikuwa nimeshaambiwa na watu watatu kwamba wametoroka, na mmoja akanilaumu kwa nini niliwaficha.

Jumamosi iliyofuata nilianza kufunga vitabu kwenye maboksi. Sikutaka kusubiri kufukuzwa. Akaingia mama mmoja mtu mzima, amekuja kwa miguu kutoka Mjimwema, akakaa kwenye benchi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kwa habari ya yule kijana."

Nilikuwa nimechoka. "Mama, kama ni kizuizi, nenda kwa paroko."

"Sina kizuizi. Aoe tu. Mimi ni mama yake."

Alinitajia jina la mwanawe, seremala, aliyekwenda Tunduru. Mvua zilikuwa zimeshapita mara mbili tangu aseme kwamba atarudi kabla ya mvua. Nilimweleza polepole, kama ninavyowaeleza watoto wa darasa la kwanza, kwamba hii ni hadithi, kuna mtu alikaa akaibuni. Alinisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza.

"Sawa, mwalimu. Lakini huyo aliyekaa akaandika, alimwona mtu." Akasogea karibu. "Anarudi?"

Nilikijua kitabu kile nusu kwa kichwa. Shimo linamfukia kijana zikibaki sura mbili.

"Mama, mimi sisemi mwisho wa kitabu."

Nilikuwa nimeitamka sentensi ile mara nyingi kwa maringo. Siku ile niliitamka nikiangalia sakafu.

Alitikisa kichwa kukubali. "Basi mwandikie humo. Wewe unajua kuandika. Mwandikie mahali atakapopaona."

Nimewahi kumpigisha mtoto magoti kwa kuchora ua pembeni mwa kitabu. Lakini nilichukua kalamu. Nikatafuta ukurasa ule kijana analala chini ya turubai, ana homa, peke yake, nikaandika pembeni kama mama alivyonitajia: Mama yako yuko pale pale Mjimwema. Nyumba tumeezeka bati. Usitafute cha kuleta. Njoo hivyo hivyo.

Kisha akaomba kuondoka nacho. Hakujua kusoma. Nilimpaka wino wa kalamu kwenye dole gumba, akaligandamiza kwenye daftari langu safi. Kesho yake katekista alisoma tangazo la tatu, kwamba kitabu kimeazimwa, paroko akaikagua ile alama ya dole, na kabati likabaki. Mama alirudisha kitabu baada ya wiki mbili, kimefungwa kwenye kanga.

"Nimekaa naye," akasema.

Yule wa mitumba alikuja siku hiyo hiyo, amenuna kwa kukosa chumba. Alitaka kuazima kitabu kile kile.

"Nitakuonyesha ukurasa wenye huyo mke wa Tunduru," alisema.

Alikaa nacho mwezi mzima. Alipokirudisha hakuwa na maneno yake ya siku zote. Alikifungua pale kwenye turubai, akakiweka mbele yangu.

"Haya ya pembeni kaandika nani?"

Nikamweleza.

"Mbona hakurudi sasa? Ameandikiwa vizuri namna hii."

"Hakuyaona."

Akanikasirikia. Alinikasirikia kweli, mpaka mate yakamruka. "Mwalimu mzima! Unamwandikia mtu mahali asipoweza kupaona?"

Akavuta daftari langu la kuazimia, akachana karatasi bila kuniomba, akaanza kuyanakili yale ya pembeni, polepole, kwa herufi kubwa. Alipofika mwisho akapumua.

"Yule wa kodrai sikuwahi kumwona," akasema bila kuniangalia. "Jumatatu naenda Tunduru. Anaitwa nani?"

Nilifungua mdomo kumtajia jina la kitabuni. Nikasita, nikamtajia la mtoto wa yule mama, naye akaliandika juu kabisa ya karatasi.