Mama Alikataa Kutubu

Baba alipofariki, mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka kumi na miwili. Mimi nilikuwa nimeanza kufundisha shule ya msingi nje kidogo ya mji wa Bungoma, kabla hata sijasomea ualimu. Matanga yalikuwa hayajaisha vizuri, mzee mmoja wa kanisa letu akasimama mbele ya watu. Alikuwa na shamba kubwa la mahindi na ng'ombe wa maziwa upande wa Kitale, na mabati ya kanisa yalikuwa sadaka yake. Akasema atamchukua mdogo wangu amsomeshe kama mtoto wake. Watu wakapiga makofi. Mama akalia kwa shukrani. Asubuhi iliyofuata msichana akapanda pikapu ya mzee, amevaa viatu vyangu.

Hakusomeshwa hata siku moja.

Tulichelewa kujua. Mama alipoenda Kitale mara ya kwanza aliambiwa langoni kwamba mtoto yuko shule ya bweni. Mara ya pili aliambiwa amesafiri. Likizo ya Agosti nikaenda mwenyewe, bila kupeleka habari, nikamkuta zizini akikamua. Mikono ilikuwa imepasukapasuka, na juu ya jicho palikuwa na kovu jipya. Aliponiona hakuinuka.

"Dada, usiongee kwa nguvu," alinong'ona. "Nalala kwa stoo ya chakula ya ng'ombe. Wanafunga na kufuli nje."

"Twende sasa hivi."

"Nilijaribu. Waliniachilia mbwa."

Kabla sijasema lingine, mke wa mzee akatokea na vibarua wawili. Alinisindikiza mpaka barabarani akiniuliza kwa upole kama mama hajambo.

Tulienda kwa chifu. "Kwani mzee amemwiba? Si nyinyi wenyewe mlimpeana?" Tulienda polisi, wakasema hayo ni mambo ya nyumbani, tuelewane. Tukaenda kwa mchungaji wetu. Alifungua Biblia pale watumwa wanapoambiwa wawatii mabwana zao, akatusomea polepole, kisha akatuombea uvumilivu.

Mama alimsikiliza mpaka amina. "Mchungaji," akasema, "huyo mwenye kuandika hayo, alikuwa na binti?"

Muhula huo nilikuwa nafundisha darasa la saba habari za utumwa. Wanafunzi waliandika kwamba ulikomeshwa zamani. Niliwawekea alama ya vyema.

Mama hakuniaga. Jumamosi moja alichukua shoka la kuni, akalifunga ndani ya leso, akapanda gari la Kitale. Yaliyotokea huko nilisimuliwa na mdogo wangu. Siku hiyo alikuwa amefungiwa mchana kutwa kwa sababu ya maziwa yaliyomwagika. Akasikia sauti ya mama ikimwambia kwa Kibukusu asogee mbali na mlango, kisha mbao zikaanza kupasuka. Mama alikuwa amepitia katikati ya mahindi. Mzee akaja mbio, akamkaba shingo kwa nyuma. Mama akajinasua, akageuza shoka, akampiga begani kwa upande usio na makali. Mfupa ukavunjika. Mzee akaanguka akipiga mayowe, na mama hakumwongeza la pili. Alirudi mlangoni akamalizia kazi. Akamshika binti yake mkono, wakatoka kwa lango kubwa, na kibarua mmoja ndiye aliyewafungulia.

Polisi, ambao hawakuwa na nafasi ya kwenda Kitale kumtafuta mtoto, walifika kwetu kesho yake asubuhi.

Mahakamani mzee alikuja na mkono umefungwa shingoni. Hakuna aliyemuuliza habari za kufuli. Hakimu akamuuliza mama kwa nini hakufuata sheria.

"Niliifuata mpaka miguu ikachoka," mama akasema. "Mheshimiwa, kama ni ng'ombe yangu ingefungiwa kwa boma ya mtu, hawa wazee wote wangenisindikiza na marungu. Sasa ni mtoto, ati nivumilie?"

Watu wa nyuma walicheka. Mama alifungwa.

Nimewasikia watu wenye elimu wakisema palikuwa na njia nyingine. Huwa nawauliza ni ipi. Tulizipita zote, na katika kila moja tulimkuta mtu ametulia kitini akituambia turudi nyumbani. Anayefungia mtoto wa mwenzake kwa kufuli ndiye aliyeanza vita. Kumwambia mama asishike shoka ni kumwambia akubali kushindwa kwa adabu, ili sisi wengine tusisumbuliwe na kelele.

Alipotoka jela, nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe. Jumapili ya kwanza mchungaji alimwita mbele, akamwomba atubu ili arudishiwe meza ya Bwana. Mzee alikuwa ameketi kiti cha mbele, bega moja limeshuka.

"Sema tu umekosa, mama," mchungaji akamsihi. "Ni neno moja."

"Nilikosa kumpeana," mama akasema. "Hilo natubu. Lingine sina."

Alitoka nje, nami nikamfuata. Hatukurudi tena.

Mdogo wangu sasa anauza mitumba katika soko la Chwele. Hesabu anazijua, lakini kusoma alikataa kabisa kujaribu upya. Anasema neno shule linamtia kichefuchefu. Mzee aliendelea kuwa mzee wa kanisa. Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, alitangaza kwamba atamsaidia mjane mwingine, wa kijiji cha pili, kwa kumchukua binti yake.

Mama alipopata habari alivaa kandambili akaenda huko kwa miguu, mimi nikiwa naye. Alimweleza yule mjane kila kitu: stoo, mbwa, kovu. Mjane alimsikiliza akiwa amesimama, hakutukaribisha kuketi.

"Wewe ni mfungwa," akasema. "Unataka mtoto wangu akose kusoma kwa sababu ya wivu yako?"

Akaingia ndani. Kesho yake mama alirudi kwa yule mjane, akafukuzwa tena.