Mtungi Wangu wa Ubani

Naandika haya uso umenishuka. Mie ni mhudumu wa afya mtaani kwetu Manzese. Kipindupindu kilipoingia mtaa wa pili, nilipita nyumba kwa nyumba nikigawa vidonge vya kutibu maji. Jirani yangu Bi Mwanahawa, mtu mzima, alilalamika kwamba vinanuka. Nilimpa shikamoo, kisha nikamfokea mbele za watu.

Kumbe hata mie harufu ile siiwezi. Mtungi wangu naufukiza ubani, kama alivyonifundisha bibi, na kidonge hakijawahi kuingia humo.

Juzi bwana afya akaja na wageni kutoka wilayani. “Tuanzie kwako, sista, wewe ndiye mfano.” Majirani wakajaa uani. Akachota maji mtungini, akatia dawa ya kupimia. Yakigeuka pinki, yametibiwa. Yakabaki vilevile, yananukia ubani tu.

“Labda dawa yako imeharibika,” nikasema.

Bi Mwanahawa akaenda kwake, akarudi na kikombe cha maji. Yakapimwa, yakawa pinki papo hapo. Akanitazama kwa huruma.

“Mwanangu, vile vidonge ulivyonipa vimebaki vichache. Nikugawie?”