Tulikwenda Lindi Kumchukua Athumani

Harufu ya mafuta ya taa ndiyo iliyotangulia kuingia Lindi, sisi tukafuata nyuma. Mama alikuwa amebeba kutoka Dar es Salaam jiko la mchina, jipya, la kijani, na kwa akili zake za safari alilitia kwenye kapu moja na mikate ya zawadi. Aliniapia kwamba mafuta ameyamwaga yote. Wapi! Barabara ya kusini ya miaka ile ilikuwa mchanga na mashimo, na kila basi liliporuka, jiko nalo lilitema tone. Tulipovuka Rufiji kwa kivuko nilikuwa nimeshaanza kunusa. Tulipofika Nangurukuru, watu waliposhuka kununua samaki wa kukaanga, mzee mmoja wa kiti cha nyuma akauliza kwa sauti ni nani huyo aliyepakia petroli, anataka kutuchoma wote. Konda akapita akiinama chini ya viti, na mama akageukia dirishani kana kwamba hajawahi kuona mnazi. "Mama, ni sisi," nikamnong'oneza. "Nyamaza, Hadija! Sasa nilitupe wapi?" Mikate ile ilifika, ikagawiwa, ikaliwa. Ndugu zetu wa Lindi walikuwa na adabu zao. Walisema mkate wa Dar mtamu, kisha wakaomba maji.

Tulikuwa tumemfuata mdogo wangu. Athumani alizaliwa Lindi kama mimi, wakati baba akiwa karani kwenye maghala ya korosho. Halafu yakaja yale mambo ya kufunguliwa biashara. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa sabuni za kunukia na siagi za kopo, foleni za sukari zikaisha, watu wakafurahi, na ofisi ya baba ikafungwa. Yote yalikuja kwa mkupuo. Baba akaenda Dar kuuza mitumba, kisha akatuita. Athumani ndiyo kwanza alikuwa anaachishwa ziwa, na kwetu mtoto anayeachishwa ziwa huondolewa machoni pa mama yake, akapelekwa kwa bibi au kwa mama mkubwa mpaka asahau kunyonya. Basi akapelekwa kwa Mama mkubwa Somoe, dada wa mama, ambaye Mungu hakumjalia kuzaa, na sisi tukapanda basi. Ilikuwa iwe mwezi mmoja tu. Lakini chumba cha Dar kilikuwa kimoja, tena kinavuja, biashara ya baba leo ipo kesho haipo, nauli haionekani, na ule mwezi ukawa miaka. Athumani akasahau kweli, na hakusahau ziwa peke yake.

Mwaka ule ndipo mambo yalipokaa sawa kidogo. Baba alikuwa amepata vyumba viwili na mama akanunua kitanda kidogo cha mbao, akakitandika shuka kabla hata ya kukata tiketi. Na mimi, niliyekuwa nimechoka kulelewa peke yangu kama yai, nilikuwa nimeshautangazia mtaa mzima kwamba nakwenda kumleta mdogo wangu. Wenzangu walinicheka. Walisema sina mdogo wala nini, najitungia. Niliwaambia wangoje waone. Kwa hiyo nilipokuwa naingia Lindi na harufu yangu ya mafuta ya taa, nilikuwa nataka kitu kimoja tu, nimshike yule mtoto mkono, nipande naye basi, tuondoke, hata kesho yake ikiwezekana. Sikuwa na subira, na sijawa nayo mpaka leo.

Mama mkubwa Somoe alikuwa anakaa Mtanda, kwenye nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa. Alitupokea kwa vigelegele, akampokea mama kapu, akamkumbatia, wakalia kidogo kama wanavyolia dada waliopoteana. Kisha akaita, na Athumani akatoka uani akijifuta mikono kwenye kaptura. Alikuwa mwembamba, macho makubwa, kidevu cha baba kitupu. Akamwendea mama moja kwa moja, akampa mkono kwa heshima. "Shikamoo, mama mdogo." Hakuna aliyemfundisha, nina hakika. Alikuwa amepiga hesabu zake mwenyewe, kwamba huyu ni mdogo wa mama yake, basi ni mama mdogo. Mama mkubwa akafungua mdomo kumrekebisha, akaufunga. "Marahaba, baba," mama akaitikia, akainama kwenye kapu akaanza kutoa vitu harakaharaka, hiki na kile, mpaka vikajaa mkeka mzima na bado anapekua.

Kuanzia hapo hakutulia. Mama alikuwa ameamua kumrudisha mwanawe kwa njia ya tumbo, akawasha lile jiko lake barazani, na jiko likawasha vita. Lilitoa moshi mweusi, likalipaka masizi sufuria jipya la Mama mkubwa. Akapika tambi za sukari, Athumani akauliza kama ni minyoo. Akampakia siagi kwenye mkate, mtoto akalamba, akaenda kumpa kuku. Akamkorogea juisi ya unga, nyekundu kama wino, akainywa yote, mama akatabasamu, kisha ikatoka yote kwenye kanzu ya kuendea madrasa. Kila mara, mama akishageuka, Athumani alikuwa anateleza kwenda jikoni kwa Mama mkubwa, akamegewa ugali wa makopa na kisamvu, akashiba, akaenda kucheza. Mama mkubwa alijua anachokifanya? Mimi niliamini anajua, nikamkasirikia. Leo sina hakika. Mtoto mwenye njaa akija kwako na mkono mtupu, utamwambiaje arudi barazani akale minyoo?

Na mimi nilikuwa nazurura. Nilimburuta Athumani mjini nimwonyeshe tulipozaliwa, na mji wenyewe ukanigeuka. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa imetobolewa mlango wa mbele, ikawa duka la kanda za muziki, spika inabweka mpaka barabarani. Maghala ya baba yalikuwa na kufuli zenye kutu. Nilipotea njia kwenye mji niliosema ni wangu, na Athumani, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, ndiye aliyenishika mkono akanirudisha. Njiani tulinunua ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyembamba vya porini, nikavitafuna na maganda yake. Alicheka mpaka akakaa chini. "Dada wewe, inamenywa!" Aliniita dada, na nilifurahi kupita kiasi. Nilimwambia Dar kuna kitanda chake. Akauliza kama mama yake naye kuna chake. Nikamwambia ndiyo, mama yupo hukohuko, na nilijua fika kwamba hatuzungumzii mtu mmoja.

Basi siku moja Mama mkubwa akaitwa msibani asubuhi, akatuachia nyumba. Mama akaona nafasi ndiyo hiyo. Aliachana na mapishi ya Dar. Akasema atapika muhogo wa nazi kama alivyoupika alipokuwa hapahapa, kabla ya kuhama, na muhogo hatanunua, atauchimba shambani. Shamba la Mama mkubwa lilikuwa nje kidogo ya mji, njia ya Ng'apa. Tukaenda sote watatu, mama mbele, kanga kaifunga kiunoni, anatembea kama mtu anayefukuzwa. Hakuuliza mtu wala hakuangaza huku na huku. Alikwenda moja kwa moja mpaka mstari wa pembeni mwa njia, akasema, "Huu niliupanda mimi, Hadija, nikiwa na mimba ya huyu," akimgusa Athumani kichwani, akashika shina akang'oa. Mizizi ikatoka minene, myeupe. Mama aliimba njia nzima ya kurudi, na kuimba kwake kulikuwa kubaya siku zote.

Aliupika kwa nazi mbili. Alipoonja aliguna, akasema una uchungu kidogo, bila shaka ni hili jiko na mafuta yake, akaongeza sukari, akaongeza tena. Na Athumani akala. Hee, alikula! Aliletewa bakuli akalimaliza, akaomba jingine, akalimaliza, akalamba vidole, akamwambia mama, "Mama mdogo, wewe kumbe unajua kupika." Mama aligeuza uso ukutani akajifuta kwa kanga. Mimi nilionja vijiko vichache nikaacha, kwa sababu nilikuwa nimejaza tumbo kwa mabibo, na mama mwenyewe hakula kitu, alikuwa anamwangalia mtoto. Sijapata kumwona na furaha ile tena. Nilikwenda kupanga nguo zangu kwenye begi, nikijua sasa tunaondoka.

Haikuchukua muda. Athumani alisema kichwa kinamuuma, tukamwambia alale. Akasema miguu haipo. Akatapika, akatapika tena, akawa anahema kama aliyekimbizwa, macho yamepanda juu. Na mimi nilikuwa nimeanza kuona ukuta unazunguka. Mama alipiga kelele nisizozisahau. Wakati huohuo Mama mkubwa akaingia kutoka msibani, akaona mtoto, akaona maganda uani, akaokota ganda akaliweka ulimini, akatema.

"Umechimba wapi?"

"Pembeni ya njia, dada. Ule mstari wangu."

"Lahaula! Ule si wako tena! Nguruwe walikuwa wanamaliza shamba, nikaung'oa wote, nikapanda muhogo mchungu!"

Ni ule muhogo ambao hauliwi mpaka ukaushwe makopa na kutwangwa unga, ule ambao hata nguruwe mwenyewe akiuonja anahama. Mama mkubwa alimtia mtoto kidole kooni, akamnywesha maji ya sukari, akamfunga mgongoni kwa kanga yake ya msibani, akapanda nyuma ya baiskeli ya jirani, wakaenda hospitali. Mama alikimbia nyuma ya ile baiskeli kwa miguu, peku, jua kali, na mimi nyuma ya mama nikiyumba. Mtoto aliwahiwa, Mungu ni mwema. Alitundikiwa dripu, na alipofumbua macho akamwita mama yake. Dada wawili walikuwa wamekaa kila mmoja upande wake wa kitanda. Mama yangu alikuwa ameshanyanyuka nusu, kisha akarudi kukaa.

Nilingoja wagombane. Nilitaka wagombane, ili mtu aseme wazi huyu mtoto wa nani, tuondoke. Hawakugombana. Athumani aliporudi nyumbani, Mama mkubwa alimfulia nguo zake zote, akazikunja kwenye mfuko wa rambo, akauweka mlangoni karibu na begi letu. "Mchukue, mdogo wangu. Umemzaa wewe, siwezi kukukatalia." Alisema hivyo akichambua mchele, hakuinua uso. Mama akaitikia haya, na usiku ule hakuna aliyekula vizuri.

Stendi, Athumani alikuwa amepakwa mafuta mpaka anang'aa. Hakulia. Alimshika mama mkono kama alivyoagizwa, akapanda, akakaa katikati yetu, akaanza kutetemeka. Mwili mzima ulitetemeka, kimyakimya, na mkono wake mwingine ulikuwa umeshika kiti cha mbele kwa nguvu zote. Mimi nilimwambia ataona magari, ataona bahari kubwa kuliko hii, sijui nini na nini. Dereva akapiga honi. Mama akasimama. Akamnyanyua mtoto, akampitisha dirishani, akampa dada yake aliyekuwa amesimama chini, kisha akaurusha na ule mfuko. "Apate nguvu kwanza," akasema. "Nitamfuata mwakani." Mama mkubwa alimpokea kwa mikono miwili. Basi likaondoka, nami nikaanza kupiga teke kiti cha mbele, nikakipiga mpaka mwenye kiti akageuka, nikamwambia mama kwamba namchukia. Alisema, "Najua." Mwakani haikufika. Kila mwaka ilikuwa nauli, au mvua, au baba mgonjwa, na kile kitanda kidogo tukawa tunawekea nguo za mitumba.

Siku hizi Lindi ni safari ya kutoka asubuhi ukafika mchana. Rufiji kuna daraja, njia nzima lami, na simu zipo kila mfukoni, hakuna tena anayeweza kusingizia barabara. Mama alitangulia mbele ya haki, na Athumani alikuja akashika jeneza pamoja na wanaume wengine, akaondoka kesho yake. Mwaka jana nilikwenda kwake. Ni fundi wa kuchomelea mageti, ana mke na watoto, na Mama mkubwa Somoe, mzee sasa, anaishi naye. Walinipokea vizuri mno. Walinikalisha sebuleni kwenye meza yenye kitambaa, wakaniletea samaki mzima, wali, soda baridi, uma na kisu, mke wake akanifungulia feni, kisha wote wakaenda uani kula. Nilikuwa nawasikia wanacheka, Athumani anamtania Mama mkubwa, watoto wanagombea ukoko. Nikajitahidi kukaa, nikashindwa, nikabeba sahani yangu nikawafuata nikae nao mkekani. Kicheko kikakatika. Wakanyanyuka wote, hata Mama mkubwa na magoti yake, kwenda kunitafutia kiti.