Shaba Nyekundu ya Ehrhard

Traudel Penzel alikuwa na masikio ya kuudhi. Ukipita na tarumbeta nje ya dirisha la jiko lake hapa mjini kwetu Markneukirchen, ukapuliza mara moja tu, angekupigia kelele: "Hiyo shaba ya manjano, nyembamba, na aliyeifua alikuwa na haraka!" Na alikuwa sahihi, jambo lililotukera zaidi. Kwa miaka arobaini na mbili alifua midomo ya tarumbeta, ule upande mpana unaotoa sauti, nyundo ikiwa mkono wa kushoto. Alisema shaba ya manjano inachangamka na kung'aa, ile nyeupe yenye nikeli inakata kama baridi ya Januari, na shaba nyekundu inaongea chini chini, kwa joto.

Mumewe, Ehrhard, alipiga tarumbeta ya shaba nyekundu katika kikundi chetu cha kanisa. Alijisifu nayo mpaka tukachoka. "Mke wangu ndiye kaifua hii," alizoea kusema. "Nyie pulizeni mabati yenu."

Alifariki Februari, nami nikaachiwa tarumbeta yake. Ijumaa Kuu nilipita kwa Traudel kumshukuru, nikaisifu shaba ile. Akaweka kikombe chini.

"Gerold, usije ukanitangaza. Ile si nyekundu."

"Acha utani, mama."

"Bamba la shaba nyekundu Ehrhard alilihangaikia mwaka mzima, zama zile za uhaba. Mimi nikalifua tu, sikulirudisha motoni lilainike. Likapasuka. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza! Nikaona aibu, nikafua la manjano, nikalipaka rangi nyekundu. Miaka thelathini na moja nimemwacha ajisifie uongo wangu." Macho yakamjaa machozi. "Jana nimekwenda kaburini, nimemwambia yote. Sasa sijui kama amenisamehe. Usingizi hauji."

Nikanywa kahawa yangu, nikaondoka.

Alfajiri ya Pasaka, kama kila mwaka, tulisimama makaburini kuwapigia wafu wetu wimbo kabla jua halijachomoza. Ukungu ulikuwa mzito hata sikumwona mwenzangu wa pili kushoto. Mimi nilijipanga miguuni pa kaburi la Ehrhard, Traudel kando yangu. Ubeti wa kwanza ulipokwisha, Traudel akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa barafu.

"Umeleta tarumbeta gani?"

"Hiyo hiyo."

"Muongo we! Hiyo ni nyekundu. Naisikia."

Akatoa tupa mfukoni, maana wafuaji wa hapa hata kanisani huenda nayo, akakwangua ukingo wa ule mdomo mpana kwa ndani. Nilingoja rangi itoke, manjano yaonekane. Hayakuonekana. Akakwangua tena, kwa nguvu, mpaka nikahofu atautoboa. Ilikuwa nyekundu tupu, hadi ndani. Na alama za nyundo zilikuwa zake, zimelalia kushoto; hakuna mwingine mjini anayefua hivyo.

Nywele zilinisimama. Nilidhani yeye angalau atafurahi. Akaanza kulia.

"Nilitaka anitukane, Gerold. Anifokee kidogo tu, nijue tumemalizana. Ona sasa! Hata huko aliko bado ananifichia aibu yangu."

Kiongozi wetu akainua mkono kwa ubeti wa pili. Niseme kweli, niliogopa. Nikaiweka tarumbeta mdomoni ili nisiharibu ibada, lakini sikupuliza hata pumzi moja.

Sauti ikatoka. Ilikuwa ya chini, ya joto, na shaba ikawa inatetemeka viganjani mwangu. Ilimaliza ubeti wote bila kukosea, nami nimeshikilia tu. Traudel alikuwa amepiga magoti kwenye majani yenye umande.

"Basi, Ehrhard," akasema. "Basi, mume wangu. Nimesikia."