Mbwa Aliyekula Chokoleti

Juzi, katika ofisi ya mifugo Mugumu, mzee mmoja wa Ikoma aliingia amembeba mbwa kifuani kama mtoto.

"Daktari, amekula chokoleti! Binti yangu alipewa na wageni wa hoteli."

Foleni yetu ikacheka. "Sisi hata sukari hatuioni, mbwa anakula chokoleti!"

Bwana mifugo hakucheka. "Shikamoo, mzee. Kwa mbwa hiyo ni sumu. Amekula kiasi gani, saa ngapi?"

Mzee akatoa karatasi tupu ya chokoleti. "Yote, asubuhi hii."

"Umefanya vizuri kuileta, tena bila kungoja aanze kutetemeka."

Alimchoma sindano, mbwa akatapika uani, na baadaye akatikisa mkia. Sote tukashusha pumzi.

Mzee peke yake hakutulia. Alimsogelea bwana mifugo, akanong'ona, "Mimi nililamba karatasi. Nitapona?"