Fundi wa Pinde na Friza Yake

Fundi wa pinde wa pale Wisconsin hamjibu mtu upesi. Hulamba kidole gumba kwanza, akakifuta surualini, ndipo aguse upinde. Verna alimletea vilengeo viwili vya kufungwa kwenye upinde ili kulenga shabaha, kimoja cha betri na kingine cha pini zenye ncha za kijani. Wiki ya mwisho ya kuwinda kulungu ilikuwa imefika na kwake nyama imekwisha.

"Kipi, mzee?"

Fundi akavitia vyote kwenye friza, katikati ya soseji, akaendelea kupaka uzi wa upinde nta.

"Umerukwa na akili?"

"Tulia, dada. Kesho alfajiri porini kuna baridi kushinda humu."

Alipovitoa baadaye, cha betri hakikuwaka hata alipokigongagonga. Pini zilikuwa na barafu. Akazipulizia, ncha za kijani zikang'aa.

"Basi nifungie..." Verna akaanza.

Fundi alikwisha shika bisibisi.